Uzi: Tumtendee haki John Deacon, mpiga besi wa Queen. Kwa nini hatajwi?

#1 Mpenda_Nyuzi
Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nimenunua spika mbili za mtumba, yale madude ya zamani ya mbao, mazito kama jiwe la kusagia. Nikaweka Another One Bites the Dust ya Queen, lile kundi la roki la Uingereza. Huu wimbo nimeusikia tangu niko sekondari, kwanza kwa redio ya mezani ya baba, baadaye kwa simu. Juzi ndio nimegundua kumbe sikuwahi kuusikia. Besi inaingia, vikombe kabatini vinaitikia.

Nikatafuta aliyepiga ni nani. John Deacon. Kumbe si kupiga tu, kautunga yeye. I Want to Break Free, yeye. You're My Best Friend, yeye. Yaani nusu ya nyimbo za Queen ambazo hata shangazi yangu wa Singida anazijua ni za huyu bwana!

Sasa Freddie Mercury, mwimbaji, tunamjua, mtoto wa Unguja. Brian May tunamjua kwa gitaa na lile lundo la nywele. Roger Taylor wa dramu tunamjua. Huyu wa nne kwa nini kasahaulika? Naombeni maoni.

#2 Kamanda_wa_Solo
Jibu fupi: ni besi. Nyuzi nne, unapiga du du du, unaenda nyumbani. Uzi ufungwe.

#3 BesiYaKanisani
Kamanda, wewe ndio wale mnaoweka sauti ya gitaa lenu juu hadi kwaya inaziba masikio. Nakuja, ngoja nitoke kazini.

#4 Msomi_Mchovu
Mleta mada, hoja nzuri ila "nusu" umetia chumvi. Deacon aliandika nyimbo chache kuliko wenzake wote watatu. Albamu mbili za mwanzo hana hata mmoja. Wa kwanza ni Misfire, kwenye Sheer Heart Attack ya 1974, hata dakika mbili haufiki. Kuanzia hapo ni mmoja au miwili kwa albamu. Ajabu yake ni kwamba huo mmoja ndio unaopiga bao.

Queen wana nyimbo mbili tu zilizoshika namba moja Marekani, zote za 1980, zote kutoka albamu ya The Game. Mmoja wa Freddie, wa pili ni huo uliotingisha vikombe vyako. Ulikaa kileleni wiki tatu.

#5 Wa_Kisauni
Nafikiri shida ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwanachama wa kwanza, kisha wale wengine wakaja wakamfunika. Ama nimekosea?

#6 Msomi_Mchovu
Umekosea ndugu yangu, tena kinyume kabisa. Ndiye wa mwisho kuingia. Brian na Roger walikuwa pamoja kwenye kundi la Smile, Freddie akaungana nao 1970. Walijaribu wapiga besi watatu kabla yake, hakuna aliyedumu. Deacon kaingia mwanzoni mwa 1971, akiwa na miaka 19, mwanafunzi wa elektroniki Chelsea College, London. Ndiye mdogo kuliko wote: kazaliwa Agosti 1951, Freddie Septemba 1946.

#7 Wa_Kisauni
Basi nimepata jibu langu. Mdogo wa mwisho kuja kwenye sufuria hula ukoko.

#8 Mwana_Shangani
Mie natembeza wageni Mji Mkongwe mwaka wa tisa huu. Kila siku lazima nisimame Shangani kwenye nyumba ya Freddie, sasa ni jumba la makumbusho tangu 2019. Nawaeleza: hapa ndipo palipokuwa na Farrokh Bulsara, ndilo jina lake Freddie la kuzaliwa, babake akifanya kazi ya keshia serikalini, mtoto akapelekwa skuli ya bweni India, na 1964 baada ya Mapinduzi wakahamia Uingereza. Watu wanalia, wallahi naapa, mtu mzima analia barazani.

Miaka yote hiyo kaniuliza habari za Deacon mgeni mmoja tu. Mzee wa Kiingereza, kimya, kofia ya jua. Akanambia yeye anatoka Leicester, na Deacon ni wa kwao. Kakaa kidogo akasema, huyu wenu kapata jumba, wetu hata hataki kupigwa picha. Akaondoka zake.

#9 BesiYaKanisani
Nimetoka kazini. Kamanda, kaa hapa.

Napiga besi kanisani Jumapili na kwenye harusi Jumamosi, mwaka wa kumi na moja. Siku moja tuko ukumbini Mbezi, watu wamejaa uwanjani wanacheza, bibi harusi kavua viatu. Katikati ya wimbo waya wangu ukakatika pale unapoingia kwenye gitaa. Mimi najua, hakuna sauti inayotoka. Solo inaendelea, kinanda kinaendelea, mwimbaji anaendelea. Hakuna HATA MMOJA aliyegeuka kunitazama.

Ila nikawa naangalia uwanja. Mama mmoja mwenye kitenge cha njano akapunguza kucheza, akatazama miguu yake kama kuna kitu kadondosha. Halafu mwingine. Ndani ya dakika mbili nusu ya watu wamerudi kwenye viti wanakunywa soda. Mwimbaji akanong'ona, "Leo watu wamechoka mapema." Nikabadilisha waya, nikaingia. Wakarudi uwanjani wote. Mpaka leo mwimbaji hajui kilichotokea.

Hiyo ndiyo besi. Ukiipiga hawakusikii, ukiacha wanakaa chini.

#10 Mpenda_Nyuzi
#9 umetisha mkuu. Hiyo ya mama wa kitenge nimeiona kabisa.

#11 Kamanda_wa_Solo
Simulizi nzuri, lakini si walikuwa wamechoka kweli? Dakika mbili baadaye unaingia tena, wameshapumzika. Mimi natetea haki za mama wa njano.

#12 Fundi_Spika
Mimi ni fundi, muziki siujui sana ila masanduku nayajua. Tatizo la Deacon ni spika zetu.

Uzi mnene wa besi ukiupiga wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu, kile kitundu cha chini, hiyo sauti haiwezi kuitoa, haina nafasi ya kusukuma hewa. Unachosikia ni zile sauti za juu zinazoambatana nayo, masikio yanajazia lililobaki. Redio za mkulima nazo ni hivyo hivyo. Kizazi kizima kimemsikiliza mpiga besi kupitia tundu la sindano. Mleta mada kanunua masanduku, siku hiyohiyo kafungua uzi. Ushahidi gani tena mnataka?

#13 Msomi_Mchovu
#12 nakubali kwa sehemu. Lakini Wazungu walikuwa na spika kubwa tangu miaka hiyo ya sabini, na kwao pia hatajwi. Kwa hiyo si spika peke yake.

Mimi nasema ni kuimba. Freddie, Brian na Roger wote wanaimba. Zile sauti nyingi za Bohemian Rhapsody ni za hao watatu, Deacon hayumo. Jukwaani alikuwa anasogelea maiki akitikisa midomo, lakini kwenye rekodi huwezi kumwokota. Bendi ina vinywa vitatu na yeye ni wa nne. Halafu kila alichokiandika kimetoka mdomoni mwa Freddie, mtu anasikia I Want to Break Free anasema "Freddie huyo". Hata mimi miaka mingi nilidhani ni wa Freddie.

#14 Bint_Ruwi
Nawasoma kutoka Muscat. Hiyo I Want to Break Free nayo ina mkasa. Ile video ya 1984 waliyovaa nguo za kike, Freddie na masharubu yake anasukuma mashine ya kufagia, Deacon kavaa kama bibi kizee, kanuna. Uingereza walicheka maana ilikuwa inakejeli tamthilia yao ya runinga. Marekani wakakasirika, MTV, runinga yao ya muziki, wakaigomea. Kila mtu akamlaumu Freddie, kumbe wazo la nguo lilitoka upande wa Roger na wimbo ni wa Deacon. Maskini Freddie kabebeshwa mzigo wa watu wawili.

#15 Mhenga_wa_Dansi
Vijana, mnazunguka. Huku kwetu ni vilevile. Mbaraka Mwinshehe mnamjua kwa solo. Marijani mnamjua kwa sauti. Haya, niambieni, besi ya Morogoro Jazz alikuwa nani? Msikimbilie simu.

Nitawasaidia mmoja. Sina Makosa ya Les Wanyika, ile mnayoipiga kila harusi hadi kesho. Ule mwanzo wake, kinachowanyanyua kwenye viti ni besi. Ya Tom Malanga hiyo. Mtanzania, kundi liko Nairobi. Wangapi hapa walikuwa wanalijua jina hilo? Mnaimba "sina makosa" lakini makosa mnayo.

#16 Wa_Kisauni
Mhenga umetuchapa bakora asubuhi yote hii. Naikiri, sikumjua. Na huo wimbo nilioa nao.

#17 BesiYaKanisani
#15 pokea heshima yako, mzee. Ile besi ya Malanga nimeifanyia mazoezi miezi minne. Haina noti nyingi, ila ukiharakisha nywele moja tu imeharibika.

Deacon naye ni hivyo. Sikiliza mwanzo wa Another One: noti ileile mara tatu, kisha KIMYA. Huo ukimya ndio wimbo. Mpiga besi mwenye njaa angeujaza. Na dramu chini yake ni kavu kabisa, Roger alijaza mablanketi ndani ya ngoma ili zisivume, kisha kipande kimoja cha mkanda kikazungushwa kinajirudia. Roger mwenyewe hakuupenda. Gitaa kubwa la mdundo humo ndani kalipiga Deacon huyohuyo.

#18 Kamanda_wa_Solo
Ngoja, nawe umeongeza chai. Mpiga besi apige na gitaa, Brian alikuwa wapi?

#19 Msomi_Mchovu
Siyo chai. Sehemu kubwa ya vyombo kwenye wimbo ule kavipiga Deacon. Brian kaweka makelele ya hapa na pale. Deacon alikuwa amekaa na jamaa wa Chic, kundi la disko, kule New York, akarudi na kile kitu kichwani. Mpiga besi wa Chic, Bernard Edwards, alikuwa anasema waziwazi kwamba unatokana na Good Times yao. Hakuna aliyekataa.

Na hawakuwa na nia ya kuutoa kama singo. Michael Jackson ndiye aliyewafuata nyuma ya jukwaa Los Angeles akawaambia mnakosea, toeni huu. Ukauzwa mamilioni.

#20 Mpenda_Nyuzi
Subiri. Kwa hiyo Roger hataki, Brian hana la kufanya, Michael Jackson ndiye anaona, na wimbo unakuwa mkubwa kuliko zote walizowahi kuuza Marekani? Na jamaa bado hatajwi? Hapa kuna jambo.

#21 Jongoo_Sugu
Jambo lenyewe ni kwamba mashabiki wa roki hawakumsamehe. Walioanza na Queen walitaka gitaa la Brian linalolia kama ndege ya kivita. Deacon akawaletea disko. Baadaye, kwenye albamu ya Hot Space ya 1982, walikwenda mbali zaidi, magitaa kidogo, vinanda na midundo ya klabu, Marekani ikawashinda. Wapenzi wa roki mpaka leo wanamnyooshea Deacon na Freddie kidole. Anayeandika historia ya roki ni shabiki wa roki, hatamsifia mtu aliyempeleka disko bila ruhusa.

#22 Nesi_wa_Zamu
Nilikuwa nasoma kimya, ila #17 umenichokoza. Mnajua huo wimbo una kasi ya kama mapigo 110 kwa dakika? Mtu moyo ukisimama tunafundishwa kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Unakaa palepale. Mwalimu wetu alituambia tuutumie kichwani kuhesabu, LAKINI tusiuimbe kwa sauti mbele ya ndugu wa mgonjwa. Anayejua Kiingereza aelewe kwa nini.

#23 Wa_Kisauni
"Mwingine tena kalamba vumbi." Nesi, mie siumwi tena, asante.

#24 Fundi_Spika
Mmekosa la maana kuliko yote nyie wanamuziki. Huyu mtu alikuwa FUNDI.

1972 alikuta kwenye taka za barabarani saketi ya amplifaya iliyotupwa, imechomoza nyaya. Akaiokota. Akaifunga kwenye sanduku dogo la spika, lile la kukaa rafu ya vitabu, akaunga betri ya volti 9. Haina kitufe cha sauti, haina kitufe cha chochote. Alitaka ya kufanyia mazoezi tu. Brian akachomeka gitaa lake, lile alilochonga na babake kwa mbao za jiko la moto la zamani, ikatoa sauti inayofanana na filimbi na fidla. Miaka yote Queen wakitaka gitaa lisikike kama kundi zima la wapuliza tarumbeta, wanatoa kile kijisanduku. Sikilizeni Good Company ya 1975, mle ndani hakuna tarumbeta hata moja.

Nami nilianza hivyohivyo. Redio kaseti ya mjomba iliungua, nikachomoa ubao, nikaupachika kwenye debe la biskuti. Ilikuwa inanguruma ukiigusa, usipoigusa inapiga vizuri. Mama akainyima chumba, ikalala nje na kuku.

#25 Kamanda_wa_Solo
Haya, la kijisanduku nakubali. Kumbe sauti ya solo ninayoipenda ilitoka mikononi mwa mpiga besi. Nimepata pigo. Msizoee.

#26 Mpenda_Nyuzi
Bendi nzima wasomi basi. Brian si ana udaktari wa mambo ya nyota?

#27 Msomi_Mchovu
Ndiyo, Imperial College, aliukamilisha 2007 baada ya kuuweka kando zaidi ya miaka thelathini. Roger alisomea udaktari wa meno akahamia baiolojia. Freddie alisomea uchoraji na usanifu Ealing. Hawa wangevunjika 1973 kila mmoja angepata ajira.

#28 Mhenga_wa_Dansi
Wasomi hao hao Oktoba 1984 walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, wakati dunia imesusia. Chama cha wanamuziki kwao Uingereza kikawatoza faini. Mimi nyimbo zao nazipenda, ila hilo sijalisahau. Huku kwetu wapigania uhuru walikuwa wanaishi nasi.

#29 Jongoo_Sugu
Mhenga umesema kweli. Wote wanne walipanda jukwaa, hata huyu mpole wetu.

#30 Bint_Ruwi
Turudi kwenye besi. Under Pressure ya 1981, pamoja na David Bowie. Ile besi ya noti mbili ni ya nani? Nimesoma habari tatu tofauti.

#31 Msomi_Mchovu
Na zote tatu ziko. Brian na Roger wanasema ni ya Deacon: aliipiga studio kule Montreux, Uswisi, wakaenda kula, aliporudi kaisahau kabisa, Roger ndiye akamkumbusha. Deacon mwenyewe aliwahi kusema ni ya Bowie. Bowie naye akasema alipofika aliikuta tayari. Kila mtu anaisukumia kwa mwenzake kama bili ya chakula.

#32 Wa_Kisauni
Nishaelewa kwa nini hatajwi. Kitu chako mwenyewe unasema ni cha mgeni!

#33 BesiYaKanisani
Halafu 1990 mwanarap wa Marekani Vanilla Ice akaichukua nzima nzima kwenye Ice Ice Baby, akadai yake ni tofauti kwa sababu kaongeza noti moja. Wapiga besi tumeteseka.

#34 Mwana_Shangani
Mie nina sababu yangu, nanyi hamjaitaja. Alinyamaza. Freddie kafariki 24 Novemba 1991. Deacon alijitokeza kwenye tamasha la kumkumbuka, uwanja wa Wembley, London, Aprili iliyofuata, akafanya mawili matatu, na Januari 1997 akapanda jukwaani Paris, Elton John akaimba The Show Must Go On. Hiyo ndiyo mara ya mwisho. Mwaka huohuo akarekodi wimbo mmoja na wenzake, kisha akafunga mlango. 2001 wenzake wanatunzwa Marekani kwenye jumba la heshima la roki, hakwenda. Mahojiano hakuna. Brian na Roger wamezunguka dunia na waimbaji wengine, yeye hayumo.

Hadithi husimuliwa na aliyebaki barazani. Aliyeingia ndani hasimuliwi.

#35 Jongoo_Sugu
Lakini pesa hajaacha. Brian kasema mara kadhaa kwamba jambo lolote la fedha lazima lipite kwake kwanza. Ndiye aliyekuwa jicho la mahesabu tangu zamani. Unyonge gani huo jamani? Jamaa anakaa nyumbani kwake London, kila redio duniani inampigia wimbo, anapokea chake. Labda sisi ndio tunaohitaji kuonewa huruma.

#36 Nesi_wa_Zamu
Mimi naona ni msiba tu. Wapo watu rafiki akifa hawaendi tena sehemu ile. Sio siri wala mkakati. Naona kila siku wodini.

#37 Msomi_Mchovu
#36 inawezekana. Ndani ya bendi Freddie ndiye aliyemsukuma aandike. You're My Best Friend alimwandikia mkewe, akautunga kwa kinanda cha umeme ambacho Freddie alikichukia, hakutaka kukigusa wakati piano kubwa ipo. Deacon akakichukua nyumbani, akajifunza, akakipiga mwenyewe kwenye rekodi. Freddie akauimba vizuri kuliko alivyokitukana kile kinanda. Mtu wa namna hiyo akiondoka, unamwandikia nani?

Ingawa #21 na #12 bado nawapa maksi zao.

#38 Mpenda_Nyuzi
Ahsanteni wote. Nilitaka sababu moja, nimepewa saba na kuku wa fundi.

#39 Mwana_Shangani
Mrejesho: leo nimemtaja Deacon kwa kundi la wageni kumi na moja pale mlangoni. Nikawapa na kisa cha kijisanduku. Wamenisikiliza kwa adabu. Mwisho mama mmoja akanyoosha mkono: "Huyo ndiye mwenye nywele?"

#40 Kamanda_wa_Solo
Mwenye nywele ni wa solo, mama. Nilisema uzi ufungwe tangu #2.